Koma za Dod Cargill

Dorchester, Boston
4 Machi 1963

Effie, shemeji yangu,

Theluji ya huku imeanza kuyeyuka na kufichua kila kilichodondoshwa tangu Krismasi: glavu, magazeti, hata kiatu kimoja cha mtoto mbele ya ngazi zetu. Kwa hiyo ujue kwamba nimeweza kutoka nje na kwamba kifua kimetulia. Huwa unaniuliza hilo kwanza, nami nimekujibu kabla hujauliza.

Sasa keti. Thayer, wachapishaji ninaowafanyia kazi, wamekichukua kitabu cha Dod.

Nilikipeleka ofisini Novemba, ile nakala uliyonitumia baada ya mazishi, nikaiweka juu ya meza ya Bi. Ruth Pell bila kusema neno. Bi. Pell ndiye mhariri anayenipa prufu za kusahihisha, siku mbili kwa wiki, labda kwa huruma, labda kwa kuwa vijana wake hawawezi kutofautisha n na u iliyopinduliwa. Wiki iliyopita akaniita. “Mzee Imrie,” akasema, “nimekisoma kwenye treni nikapitiliza kituo changu. Huyu rafiki yako alikuwa mpiga chapa au mchekeshaji?” Nikamwambia kwamba kwetu Abbeyhill hiyo ilikuwa kazi moja.

Watakipanga upya, kitoke majira ya kuchipua mwakani. Dod akiwa hayupo, mwenye kitabu ni wewe mkewe. Utaletewa prufu, uisome, utie sahihi ukurasa wa mwisho, uirudishe kabla Septemba haijaisha. Ikichelewa, Thayer watakitoa kwenye orodha, na Bi. Pell, ambaye hasemi maneno ya bure, amesema hakitarudi. Kule Edinburgh zilichapwa nakala mia chache na zimeshaisha. Effie, hii ndiyo nafasi ya Dod kusomwa na watu ambao hawakumjua.

Jambo jingine ni dogo. Panapofungwa semi, watafuata desturi ya hapa: koma na nukta zitaingia ndani ya alama, zote, bila kuuliza ni za nani. Najua utakunja uso. Kunja, kisha utie sahihi.

Wako,
Lachie

*

Abbeyhill, Edinburgh
19 Machi 1963

Lachie,

Barua yako ilinifanya nilie, kisha ikanifanya nigonge meza hadi chai ikamwagika, yote mawili kabla Bi. Geddes wa ghorofa ya chini hajamaliza kikombe chake. Amekwenda kwake anasema nimepandwa na kichaa. Huenda.

Usishangae kuona taipu. Mwandiko wangu siku hizi ni wa kuku aliyeonjeshwa wiski, lakini vidole vilivyopiga kibodi kwenye kiwanda cha uchapaji cha Haliburton tangu nikiwa msichana havijasahau njia.

Thayer wana macho mazuri, nawashukuru. Bi. Pell mwambie Dod angempenda, na angempenda kupita kiasi, na ningelazimika kuja huko kumrudisha nyumbani. Lakini hilo jambo lako “dogo” silitaki.

Umesahau ulikokulia? Wewe ndiye uliyekaa na Dod meza moja. Yeye akisoma mswada kwa sauti, wewe ukifuata kwenye prufu kwa kalamu, na kila mwanagenzi aliyeingia mle chumbani alisikia somo moja la Dod: “Usimtie mtu kinywani asichokitamka, hata kiwe kidogo kama kinyesi cha nzi”. Kama nukta ni ya msemaji, iingie ndani ilale naye. Kama ni ya mwandishi, ikae nje na mwandishi wake. Hiyo si desturi, Lachie. Huo ni uaminifu.

Sina haja ya kuitazama barua yako nijue koma zako zimekaa wapi. Zimeshapata uraia wa huko. Lakini Dod alikufa akiwa mtu wa Abbeyhill, na atabaki hivyo.

Sitii sahihi.

Effie

*

Dorchester
2 Aprili 1963

Effie mpenda vita,

Nimeisoma barua yako nikicheka peke yangu, hadi mwenye nyumba, Bi. Kowalczyk, akabisha mlango kuuliza kama nina mgeni. Nikamwambia ndiyo.

Nikuambie kitu. Nilipofika hapa, baada ya mgomo ule kutufungia milango ya viwanda vyote vya Edinburgh, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kijitabu cha kanisa. Nilizitoa nje koma zote, kwa uaminifu wa Haliburton. Msimamizi, Mjerumani mmoja mwenye masharubu, akaniita mbele ya watu: “Wewe Mskoti, umezifukuza kwa kosa gani?” Akanieleza alichoelezwa na walimu wake, nami sijui kama ni kweli: kwamba zamani za herufi za madini ya risasi, koma ikiachwa nje, mwisho kabisa, peke yake, ilikuwa nyembamba mno. Ilivunjika, au ilichomoka na kuangukia mtamboni. Basi wakaiingiza ndani ili alama za semi ziikinge. “Ni ndogo,” akasema, “na nje kuna baridi.” Nilimchukia mwaka mzima, kisha nikajikuta natumia maneno yake kuwaeleza wengine.

Kwa hiyo usidhani huku hawana sababu. Nyinyi mnaangalia ni nani aliyesema. Hawa wanaangalia nani atapotea.

Lakini hukunikumbusha bure. Tangu barua yako ije nakisikia chumba kile. Dirisha linalotazama kiwanda cha bia, harufu ya kimea ikiingia asubuhi hadi kwenye sandwichi zetu. Dod amekunja miguu, mswada magotini, anaimba, maana hakuwa anasoma, alikuwa anaimba, akitaja kila herufi kubwa na kila alama: “Kubwa, Kondoo akionyesha dalili hizi koma mfugaji na amtenge nukta aya mpya.” Na wewe juu ya dari yetu, kibodi yako ikipiga kama mvua kwenye bati. Kisha siku moja, katikati ya maradhi ya kwato, sauti ileile, mwendo uleule, bila kupepesa jicho: “Fungua semi, kubwa Effie, koma, utakuja dansi Jumamosi, alama ya kuuliza, funga semi, aya mpya.”

Nami nilikuwa nimeinamia prufu. Sikusikia maana, nilisikia maneno. Nikaona maneno hayo hayamo kwenye prufu, nikafanya kazi yangu: nikaandika ukingoni kwamba mstari umerukwa. Mpangaji wa herufi akauingiza. Bado najiuliza ni wafugaji wangapi wa nchi ile walifungua kitabu cha magonjwa ya kondoo na kukuta wanaalikwa dansi.

Watu wa hapa wamecheka walipofika hapo kitabuni, Effie. Watu ambao hawajawahi kuona Abbeyhill. Usimfungie mlango.

Prufu itakuja kwa ndege mwezi ujao.

Lachie

*

Abbeyhill
30 Mei 1963

Lachie,

Prufu imefika. Karatasi nzuri, wino mzuri, inanukia kama siku ya malipo.

Imejaa makosa. Sitii sahihi.

Bi. Geddes anakusalimu. Amepika supu ya mbaazi na amenilazimisha bakuli mbili.

Effie

*

Dorchester
11 Juni 1963

Effie,

Makosa gani? Hiyo prufu niliipitia mimi kabla haijatumwa, na baada yangu ikapitiwa na kijana mwenye macho ya kipanga. Sisemi haina kosa. Hakuna prufu isiyo na kosa, Dod alikuwa akisema kosa la mwisho huonekana na yule anayenunua kitabu. Lakini “imejaa”? Nitajie ukurasa mmoja, hata mstari mmoja, nikuombe radhi kwa magoti.

Kama ni koma, sema ni koma. Nilijaribu kumwomba Bi. Pell atuache tufuate njia yetu katika kitabu hiki kimoja. Akasema kwa upole kwamba akifanya hivyo, kila mhakiki atadhani Thayer hawajui kazi. Namwelewa. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningesema hivyohivyo.

Juni imeshaingia. Joto limeanza, na huku joto si mchezo. Nalala na taulo lenye maji kifuani. Nijibu upesi.

Lachie

*

Abbeyhill
28 Juni 1963

Lachie,

Sikuandikii orodha ya makosa. Mimi si karani wako.

Nitakufanyia lililo bora. Nimeazima kinasa sauti kutoka kwa watu wa msaada, mashine nzito kama jiko. Nitakisoma kitabu chote, kama tulivyokuwa tukisoma, kila koma na kila nukta mahali Dod alipoiweka. Wewe ukae na prufu yenu mbele yako unifuate. Pale tutakapogongana ndipo penye kosa. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa, na wewe unajua.

Najua ni mbwembwe za kibibi. Lakini nimekaa na hamu ya kuisoma kazi ya mtu kwa sauti. Nyumba hii imekuwa kimya mno.

Effie

*

Dorchester
9 Agosti 1963

Shemeji,

Mikanda imefika salama, imefungwa kwa soksi za Dod, nimezitambua. Bi. Pell aliniazima mashine ya ofisi. Niliiweka juu ya meza ya jikoni, nikafunga mlango, nikachonga penseli, nikawasha. Kisha sikuweza kufanya kazi siku hiyo.

Sauti yako ile ile, Effie. Huku redio zote zinazungumza kana kwamba zina asali mdomoni. Ukaanza wewe: “Kubwa, Niliingia Haliburton nikiwa na suruali ya kaka yangu koma ambayo ilikuwa na kaka yangu bado ndani yake mpaka Jumapili iliyopita nukta,” na r zako zikikwaruza kama makaa yakimwagwa kwenye pipa. Nilikuwa sijui kwamba nimezikosa. Mtu hajui anakosa r.

Nyuma yako nasikia mji. Muuza makaa akipita, lakini siku hizi ana lori. Watoto wakigombana kwenye ngazi za jengo: “We Sandy, toa mguu wako kwenye kamba, nitamwambia mamako!” Na katikati ya sura ya nne, mzinga wa ngomeni, ule unaopigwa kila siku saa saba mchana, ukalia, nawe bila kusita ukasema “saa saba” na kuendelea na sentensi, kama tulivyokuwa tukifanya sote, kila mtu mezani pake, “saa saba”, hata mzee Haliburton mwenyewe. Nikaangalia saa yangu ukutani. Ilikuwa saa mbili usiku ya Boston. Niliona aibu kwa ajili yake.

Nimerudia mkanda huo mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Sasa kuhusu makosa. Tumegongana penye koma na nukta za semi, kama tulivyojua, na kwingine hatukugongana popote. Umesoma vizuri kuliko Dod mwenyewe. Hukukwama hata mara moja.

Effie, nimekata tiketi. Sijapanda ndege maishani mwangu, na sijarudi Edinburgh tangu meli ile ilipoondoka bandari ya Leith nikiwa na nywele. Nilikuwa nikisema nasubiri nafasi. Ukweli ni kwamba niliogopa kufika na kukuta mtaa unaniuliza natafuta nani. Nitafika wiki ya pili ya Septemba. Nitaileta prufu nyingine. Safari hii tutabadilishana viti: mimi nitasoma, wewe utasikiliza na kusahihisha.

Niwekee godoro popote.

Lachie

*

Abbeyhill
17 Agosti 1963

Usije.

Nani kakuita? Nyumba ni vyumba viwili na choo kiko kwenye ngazi. Una kifua. Unadhani utapanda ghorofa tatu na kifua hicho?

Na kwa nini nisahihishe kwa kusikiliza, mimi niliyepewa prufu yangu mwenyewe? Ni Bi. Geddes, siyo? Namuona yu kimya siku hizi. Nimemuuliza ameapa kwa kaburi la mumewe kwamba hajakuandikia. Mumewe hana kaburi, alipotea baharini, ndiyo maana siamini. Nijibu kweli: kakuambia nini?

Effie

*

Dorchester
23 Agosti 1963

Effie,

Bi. Geddes hakuniambia kitu. Mwombe radhi.

Nilisikiliza mikanda yote hadi mwisho. Niliwahi kukaa na msomaji wa mswada meza moja kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na mke wangu, Mungu amrehemu. Najua sauti za kazi ile. Msomaji husema “geuza” anapofika chini ya ukurasa, ili mwenzake apumzishe kalamu. Hukusema hata mara moja. Na sikusikia karatasi.

Kitabu kizima, Effie, na hakuna karatasi.

Nakuja.

L.

*

Abbeyhill
30 Agosti 1963

Lachie,

Bi. Geddes ndiye aliyenisomea barua yako, kwa hiyo tulilia sote wawili, na yeye akapata haki ya kunisema kwa saa nzima. Ndiye anayenisomea zote. Pole kwa yale uliyodhani unaniambia peke yangu.

Jicho la kushoto lilikwenda mwaka ule Dod alipokufa. La kulia likalifuata baridi hii iliyopita. Naona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akisimama mbele yake, basi. Kinasa sauti ni cha chama cha vipofu. Nilikuambia “watu wa msaada”, na huo haukuwa uongo, ila niliishia kwenye koma.

Kitabu nakijua chote. Mimi ndiye niliyekipiga taipu, mara tatu, na usiku Dod alikuwa akinisomea na kubadilisha na kunisomea tena. Ukinikata utakikuta kimeandikwa ndani.

Prufu yenu iko juu ya kabati. Siku ilipofika ningeweza kutia sahihi palepale, na wewe ungefurahi, na Bi. Pell angefurahi. Lakini unamjua Dod. Hakuwahi kutia sahihi prufu ambayo hajaisoma mpaka mwisho, hata tangazo la sabuni. Sasa kitabu chake mwenyewe kipite mkononi mwangu bila kusomwa? Nikuambie nimekiona na sijakiona? Nilijaribu na Bi. Geddes. Mungu ambariki, anasoma kama mtu anayeshuka ngazi na beseni la maji. Nikimwambia ataje koma anauliza, “Ipi? Zimejaa tele.” Tukaacha ukurasa wa pili.

Sikutaka mtu ajue. Binti wa dada yangu kule Kirkcaldy akisikia, kesho yake yuko mlangoni na kikapu, na mimi nahamishiwa chumba chenye maua ya plastiki. Basi nikagombana nawe juu ya koma. Nilikuwa na maana niliyoyasema, usidhani sikuwa na maana. Lakini ugomvi ulinifaa, ulinipa mahali pa kujificha.

Mwezi ukiisha bila sahihi, kitabu cha Dod kinakufa kwa sababu yangu. Nikitia sahihi kipofu, nimemdanganya. Nimekaa katikati ya hayo mawili tangu Mei.

Njoo. Kuna godoro. Jifunze kupumzika kwenye kila ghorofa, Bi. Geddes atakuwekea kiti.

Effie

*

Abbeyhill, Edinburgh
25 Septemba 1963

Mpendwa Bi. Pell,

Prufu ya Dod Cargill imo ndani ya bahasha hii, pamoja na sahihi, na itakufikia kabla ya mwisho wa mwezi. Nakueleza jinsi ilivyopatikana kwa kuwa kuna ombi moja mwishoni, na hutalielewa bila kujua haya.

Mtaa haukuniuliza natafuta nani. Ulinipita tu, ukiwa na shughuli zake. Tramu hazipo. Kiwanda cha bia kipo, na nilipopokea harufu ile ya kimea kituoni ilinibidi nikae juu ya sanduku langu, hadi askari mmoja akauliza, “Vipi mzee, umekunywa au unataka kunywa?” Nilimwelewa neno kwa neno. Sikuwa nimetegemea.

Tulianza kazi siku ya pili. Mimi kwenye kiti cha Dod, Effie upande wa pili wa meza, viganja vyake viwili juu ya mbao kana kwamba kibodi ingali hapo. Ukurasa wa kwanza nilisoma kwa aibu. Sikuwahi kuwa msomaji, nilikuwa kalamu tu. “Imba, usisome”, akaniambia. “Huyo si marehemu wa kutangazwa redioni.” Nikaimba. Mdomo wangu umeharibika huko kwenu, r zangu zimelainika, na Bi. Geddes, aliyekuwa akikaanga viazi na vitunguu, akageuka na mwiko. “Anasoma kama mtu wa sinema”, akasema. “Lini anampiga mtu risasi?”

Siku za mwanzo Effie alinisimamisha kila semi. Nikisema, “koma, funga semi”, yeye anasema, “Funga semi, koma.” Namwambia, “Ndivyo ilivyo kwenye prufu, shemeji.” Anasema, “Najua. Nimesema tu.” Tulikwenda hivyo kama watu wawili wanaokokota kabati kila mmoja upande wake. Niliogopa tarehe. Jioni moja nilimwambia kwamba kwa mwendo ule tutamaliza Krismasi, na kitabu kitakuwa kimeshakufa. 

Kesho yake tulifika pale Dod anapoeleza baba yake alivyomleta kiwandani na suruali ile ya kaka yake kukatika kamba mbele ya mzee Haliburton. Nikaisoma yote, pamoja na koma zenu. Effie hakunisimamisha. Nikafika chini, nikasema “geuza”, sikugeuza.

“Mbona umenyamaza?” akauliza.

“Hukusema kitu muda mrefu. Nilidhani umelala.”

“Nilikuwa namsikiliza.” Akapapasa meza akapata kikombe chake. “Yumo, Lachie. Nilidhani wakizihamisha nitamkosa. Yumo vilevile, mpumbavu yule. Geuza.”

Tangu hapo tukaenda kasi. Alishika makosa mawili ya kweli ambayo mimi na kijana wako wa macho ya kipanga tuliyapita. Nimeyatia alama, ukurasa wa sitini na tatu na ule wa mia na kumi. Akaniuliza watu wa ofisini kwenu walicheka wapi. Nikasema kwenye kondoo. “Kila mtu hucheka kwenye kondoo”, akasema. “Wapi pengine?” Nikamwambia kuhusu kituo cha treni ulichopitiliza. Akataka nimweleze treni hiyo, inakwenda wapi, ulikuwa umekaa au umesimama. Sikujua. Ukipata nafasi mwandikie umwambie.

Kisha tukafika sura ya tisa, siku ya pili baada ya kitabu cha kondoo kutoka mtamboni. Unakumbuka: kiwanda kizima kinajua, wapangaji wa herufi wamejipanga chini ya ngazi wakilia kama kondoo, na Effie anateremka. Nikasoma: “Fungua semi, kubwa Nitakuja, koma, funga semi, alisema Effie, koma, fungua semi, kama hutanisomea, nukta, funga semi.”

Alipiga meza, vikombe vikaruka.

“Nani kaweka koma pale?”

“Wapi?”

“Baada ya ‘nitakuja’. Ndani.”

“Thayer, Effie. Kama zote.”

“Sikusema hivyo. Nilisema kwa pumzi moja, Lachie, na wewe ulikuwapo, ulikuwa umejificha nyuma ya mlango kwa aibu ya kazi yako. Ningesita hapo, hata kidogo, wanaume wale wangecheka na mimi ningekimbia juu. Nilisema nitakuja kama hutanisomea. Hakuna koma. Ile koma ni ya Dod, aliiweka yeye alipoandika, na aliiweka nje, kwa sababu alisikia.”

Nikamkumbusha kwamba amekubali nyingine zote.

“Zile ni za Dod na watu wake”, akasema. “Wote wamekufa, na huko wanakwenda kama wageni. Mgeni hula alichopikiwa. Lakini mimi niko hai, Lachie, na niko kwangu.”

Bi. Geddes akasema, “Amin”, bila kujua ni kwa ajili ya nini.

Tukamaliza Jumatatu. Nilimwekea kidole kwenye mstari wa sahihi naye akaandika jina lake lote, Euphemia Cargill, polepole, kalamu ikipanda hadi kuingia kwenye neno Mwisho. Kisha akauliza kama limesomeka, nikamwambia limesomeka. Akakaa na mkono juu ya karatasi muda mrefu. Wino ulikuwa umeshakauka.

Kwa hiyo, Bi. Pell, mengine yote yabaki kama mlivyoyapanga. Naomba tu ukurasa wa mia na thelathini na moja, mstari wa nane, koma ikae nje. Najua wahakiki watasema nini. Najua pia utaniambia mlango ukifunguliwa kwa mmoja hufunguliwa kwa wote. Lakini katika kitabu kizima huyu ndiye msemaji pekee aliye hai, na ametutazama, kwa namna yake, akatuambia alichosema.

Kuna prufu nyingine mbili ulizotaka nizipitie Oktoba. Zitume huku. Bi. Kowalczyk nimemwandikia akipangishe chumba changu.

Na kama kuna msomaji atakayewaandikia kulalamika kwamba ukurasa ule una kosa, msimjibu. Nipeni anwani yake. Effie anataka kumjibu mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Lachlan Imrie